Mtumiaji wa Maji ni Mshirika: Ushirikishwaji wa Wananchi katika Huduma za Maji Vijijini

Ushirikishwaji wa watumiaji katika huduma za umma ni utaratibu ambao wanaohudumiwa na watoa huduma huketi pamoja, kila upande ukiwa na kauli yenye uzito, ili kuamua huduma iweje, itolewe wapi, kwa gharama gani na isimamiwe na nani. Utaratibu huu ni zaidi ya kupewa taarifa, na ni zaidi ya kuombwa nguvukazi ya kuchimba mtaro baada ya uamuzi kukamilika. Historia ya maji vijijini nchini Tanzania inaonesha tofauti hiyo.

Msingi wa kikatiba

Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatambua wananchi kuwa msingi wa mamlaka yote na kueleza kuwa watashiriki katika shughuli za Serikali yao. Ibara ya 146 inaweka bayana kuwa serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi.

Funzo la programu ya miaka 20

Mwaka 1971 Serikali ilianzisha programu ya miaka 20 ya maji vijijini, kwa lengo la kumwezesha kila mwananchi kupata maji safi na salama ndani ya mita 400 kutoka makazi yake ifikapo mwaka 1991. Sehemu kubwa ya mzigo, yaani usanifu, ujenzi na matengenezo, ilibebwa na Serikali. Lengo hilo halikufikiwa. Miongoni mwa sababu zilizobainika ni wananchi kutoshirikishwa ipasavyo: pampu ilipoharibika, kijiji kilisubiri fundi wa Serikali, kwa kuwa mradi ulihesabiwa kuwa si wao.

Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilibadili mwelekeo kwa kuwataka watumiaji washiriki katika kupanga, kumiliki na kuendesha miradi yao. Baadaye, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 ilianzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA). Chini ya mfumo huu, RUWASA husimamia usanifu na ujenzi wa miradi, na Vyombo vya Watoa Huduma ya Maji Ngazi ya Jamii huendesha miradi hiyo, huitunza na kukusanya malipo.

Mahali ambapo ushirika hupimwa

Kwanza, kabla ya usanifu. Mhandisi anajua kupima wingi wa maji ardhini. Mama anayechota kila siku anajua kisima kinachokauka kiangazi na njia isiyopitika masika. Kituo cha kuchotea maji kikipangwa bila mmoja wao, huenda kikajengwa vizuri mahali pasipofaa.

Pili, wakati wa kupanga bei. Bei ikiwa ndogo mno, hakuna akiba ya kununua kipuri. Ikiwa kubwa mno, kaya maskini hurudi kuchota maji yasiyo salama. Uwiano huo hupatikana pale takwimu za gharama zinapowekwa mezani na watumiaji wakaeleza uwezo wao.

Tatu, katika hesabu. Mapato na matumizi yakisomwa hadharani, mlipaji hujua fedha yake ilikokwenda. Yasiposomwa, imani hupungua, malipo hukoma, na hatimaye bomba hukauka.

Changamoto

Mahudhurio pekee si ushirikishwaji. Kazi ya kuchota maji hufanywa zaidi na wanawake na watoto. Mkutano ukiitishwa saa wanawake wakiwa kisimani, hupata idadi ya kutosha lakini hukosa maoni ya mtumiaji mkuu. Watu wenye ulemavu nao wasipoulizwa, hujengewa kituo wasichoweza kukifikia.

Wajibu wa mwananchi

Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ana haki ya kushiriki Mkutano Mkuu wa Kijiji. Katika mkutano huo anaweza kuhoji eneo la mradi, bei ya ndoo na taarifa ya fedha. Malalamiko kuhusu huduma huwasilishwa kwanza kwa chombo kinachoendesha mradi. Yasipotatuliwa, hupelekwa ofisi ya RUWASA ya wilaya. Haki hiyo ina thamani zaidi inapotumika mapema, mchoro wa mradi ungali unaweza kubadilishwa.