Hiyo "orijino" unayolipia ilianzia kwa mshona viatu

Wasee, leo tuongelee kitu kidogo kama kiganja ambacho kinabeba maisha yako kila ukiingia mathree: pedi za breki.

Desemba iliyopita nilikuwa nateremka Mai Mahiu na gari ya mzee wangu. Wiki moja kabla, alikuwa amenituma town nimnunulie pedi za mbele. "Chukua orijino," akasema, na akanipa doo ya orijino. Dukani nikaonyeshwa sanduku lenye nembo ya kampuni iliyounda gari, safi kabisa, bei nusu. Nikalichukua. Chenji nikaimeza.

Sasa niko katikati ya mteremko, mbele yangu kuna lori, nakanyaga breki. Pedali ngumu kama jiwe, lakini gari haishiki. Harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikashusha gia, nikavuta hendibreki polepole, nikakuja kusimama karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Nilikaa hapo nusu saa, miguu inatetemeka.

Fundi alipofungua tairi, aliangalia pedi zilivyomeguka, akanigeukia. "Kijana, hapa ulinunua sanduku."

Hiyo sentensi ndiyo ilinifanya nianze kutafuta: hii "orijino" tunayoimba kila siku ilitoka wapi? Historia yake ilinishangaza.

Turudi Ujerumani, Agosti 1888. Bertha Benz anachukua gari alilounda mume wake, Karl, bila kumwambia. Anabeba vijana wao wawili, Eugen na Richard, na kusafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Hakuna mtu alikuwa amewahi kuendesha gari la injini ya petroli mbali hivyo. Breki za gari hilo zilikuwa vipande vya mbao vilivyosugua gurudumu. Kwenye miteremko, mbao zikaanza kuisha. Bertha akafanya nini? Akaenda kwa mshona viatu wa kijijini, akamwambia apigilie ngozi juu ya zile mbao. Safari ikaendelea.

Ona hapo vizuri. Breki ya kampuni, ile orijino kabisa, ndiyo ilishindwa. Kilichookoa safari ni spea ya fundi wa viatu.

Miaka michache baadaye, Mwingereza Herbert Frood akaona wenye mikokoteni huko Derbyshire wakifunga kiatu kuukuu kwenye kipande cha mbao cha breki ili kishike vizuri zaidi. Mwaka 1897 akaanza kujaribu vitambaa vilivyoloweshwa kwa utomvu na kupima ni kipi kinashika na ni kipi kinaungua. Kampuni yake ikaja kuitwa Ferodo: chukua herufi za Frood, ongeza "e", zichanganye. Frood hakuunda gari hata moja. Alichofanya ni kupima breki, kuvunja, na kupima tena.

Tatizo lake lilikuwa moto. Breki hufanya kazi moja tu: kugeuza mwendo kuwa joto. Pamba iliungua. Mwaka 1908 Frood akaanza kutumia asbestosi, nyuzi za mawe ambazo haziogopi moto, na dunia nzima ikafuata. Kwa miaka mingi pedi na viatu vya breki vilivyotoka kiwandani na gari mpya vilikuwa na asbestosi ndani.

Lakini vumbi lake linaua. Mwaka 1924, Nellie Kershaw, aliyefanya kazi ya kusokota asbestosi mjini Rochdale, alifariki akiwa na miaka 33, mapafu yake yakiwa yameharibika kabisa. Hata hivyo, mafundi wa magari waliendelea kupuliza vumbi la breki kwa hewa ya kompresa na kulivuta puani kwa miongo mingi baadaye. Uingereza ilipiga marufuku asbestosi mwaka 1999, Umoja wa Ulaya mwaka 2005, na Marekani ikazuia aina ya mwisho iliyokuwa bado inatumika huko mwaka 2024. Kwa hivyo pedi "ya kampuni" ya wakati huo ilikuwa orijino kweli, na ilikuwa sumu kweli. Neno orijino peke yake halijawahi kuwa kinga.

Tukija kwa magari tunayoendesha sisi, mengi yametoka Japani. Ukinunua pedi ndani ya sanduku la Toyota, usidhani kuna mfanyakazi wa Toyota ameketi akizioka. Kazi hiyo hufanywa na wataalamu wa breki. Akebono ipo tangu 1929. ADVICS ilianzishwa mwaka 2001 na Aisin, Denso, Sumitomo Electric pamoja na Toyota yenyewe. Kampuni ya gari husema: nataka pedi inayoshika hivi ikiwa baridi na hivi ikiwa moto, isiyopiga kelele, inayoenda na diski hii. Mtengenezaji huunda, hupima, halafu pedi huingia kwenye sanduku lenye nembo ya gari.

Ndiyo maana dukani kuna makundi manne, si mawili. La kwanza ni sanduku la kampuni ya gari: bei juu, lakini unajua pedi ilipimwa kwa gari lako. La pili ni mtengenezaji yuleyule akiuza kwa jina lake mwenyewe, mara nyingi kwa bei ya chini. Ubora wa kiwanda ni uleule, ingawa mchanganyiko wa pedi unaweza kutofautiana kidogo. La tatu ni kampuni zingine zinazounda spea mbadala. Humo kuna wazuri na wabaya. La nne ni feki, na feki huvaa nguo za kundi la kwanza, kwa sababu ndilo jina ambalo mzee wako anakutuma ununue.

Kuwatofautisha, acha kuangalia sanduku, geuza pedi. Kwa Toyota, nambari ya pedi za mbele huanza na 04465 na za nyuma 04466. Linganisha na nambari ya gari lako. Pedi zinazouzwa kama mbadala Ulaya lazima zipite kanuni inayoitwa R90: zinapimwa kando ya orijino, na ushikaji wake usitofautiane nayo kwa zaidi ya asilimia 15. Zikipita, zinagongwa herufi E ndani ya duara pamoja na maandishi 90R. Zingine zina herufi mbili ukingoni, kama FF au GG. Ya kwanza inaonyesha ushikaji wa kawaida, ya pili ushikaji zikiwa moto. Ukiona FE, ujue zikipata moto zinapungua nguvu, na Mai Mahiu itakukumbusha. Feki anaweza kuchapisha hizo herufi pia, kwa hivyo duka lenye risiti na jina la kulinda bado lina maana.

Kenya tuna sheria dhidi ya bidhaa bandia tangu 2008. Lakini ukweli ni kwamba feki inaishi kwa sababu ya mimi: mtu aliyepewa pesa kamili, akaona bei nusu, na hakuuliza swali hata moja. Nilitaka nembo, nikapewa nembo.

Msomo wangu kutoka kwa Bertha na Frood ni huu: usiulize "ni orijino?" Kila muuzaji atakujibu ndiyo. Uliza "nani alitengeneza, na nani alipima?" Yule mshona viatu wa 1888 hakuwa na nembo yoyote, lakini Bertha alimwona akipiga misumari kwa macho yake.

Nilinunua pedi zingine kwa pesa zangu, kutoka kundi la pili, na fundi akazifunga nikiwa nimesimama hapo hapo. Gari inashika fiti. Mzee bado hajaniuliza chenji ya zile za kwanza ilienda wapi.

Mzee, ukisoma hii, tuongee jioni.