Kutu Iliyofugwa: Historia ya Rangi ya Chuma cha Bunduki

Aishiye pwani hahitaji kufundishwa kutu ni nini. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na chuma, kiwe nanga, kiwe bawaba ya mlango, huanza kuliwa kabla mwenyewe hajatanabahi. Hata hivyo ipo fani moja ambamo adui huyu aligeuzwa mlinzi: fani ya kukitia rangi chuma cha bunduki. Historia yake, tangu karakana za Ulaya hadi mabanda ya nyuma ya nyumba huko Marekani, ni historia ya kutu iliyofugwa. Na ni historia pia ya kumbukumbu zilizofutwa na mikono yenye nia njema.

Siri ya fani hii ni kwamba kutu si ya namna moja. Iko nyekundu, iliyo tifutifu, ambayo hushika unyevu na kuendelea kula. Na iko nyeusi, iliyoshikamana na chuma na yenye kuhifadhi mafuta juu yake. Mafundi wa Uingereza na Ubelgiji wa karne ya 18 na ya 19 waliufanya mtutu ushike kutu kwa makusudi. Waliupaka maji yenye tindikali, wakauacha mahali penye unyevu, wakausugua, wakarudia siku baada ya siku hadi rangi ya hudhurungi ikatulia. Mitutu iliyosokotwa kwa pamoja chuma na feleji, iliyoitwa ya Dameski, ilizidi kupendeza, kwani kila kimoja kilipokea kutu kwa namna yake na nakshi zikajitokeza. Ikajulikana pia kwamba mtutu wenye kutu nyekundu ukichemshwa katika maji safi, kutu ile hugeuka nyeusi yenye mng'ao wa samawati.

Si majeshi yote yaliyoifuata njia hiyo. Bunduki za Springfield za mwaka 1861, zilizobebwa kwa wingi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ziliachwa nyeupe, na askari alilazimika kuzisugua daima zisichakae. Mwaka 1906 Mwingereza Thomas Coslett alipata hataza ya kukiogesha chuma katika tindikali ya fosfeti. Kazi hiyo ikaendelezwa Marekani na kampuni ya Parker, iliyoanzishwa mwaka 1915, na ndiyo asili ya ile rangi ya kijivu iliyozagaa katika silaha za Vita Kuu ya Pili. Viwanda vingine vikashika njia ya kuchemsha vipande vya chuma katika mchanganyiko wa kostiki na nitrati, kwenye joto la nyuzi 140 hivi. Kazi iliyokuwa ya siku kadhaa ikawa ya chini ya saa moja.

Hapo ndipo ujuzi ulipotoka kiwandani ukaingia nyumbani. Mwaka 1936 kilitoka kitabu cha R. H. Angier kilichokusanya kanuni za kutia rangi hizo, na mwaka 1939 Bob Brownell alianzisha katika mji mdogo wa Montezuma, jimbo la Iowa, biashara ya kuwauzia mafundi vifaa vyao. Vifaa vyenyewe havikuwa vya ajabu: tangi la chuma lenye urefu wa kutosha kulaza mtutu, wala si la alumini, kwani kostiki huiyeyusha, majiko ya gesi chini yake, kipimajoto, tangi la pili la maji safi, brashi ya nyuzi laini za chuma, vizibo vya mbao, glovu na miwani. Aliyefuata njia ya kale alihitaji pia kabati la kutilia unyevu, na subira. Asiyekuwa na nafasi alinunua kichupa cha dawa ya baridi, yenye seleniamu na shaba, akapaka kwa kitambaa. Dawa hiyo huficha mkwaruzo, lakini haikawii kufutika.

Kila njia ilidai ada yake. Maji yakimwagwa katika chumvi iliyochemka, huripuka na kumrukia mtu. Bunduki ya mitutu miwili iliyounganishwa kwa lehemu haifai kutiwa humo, maana kostiki hula lehemu na mitutu ikaachana. Baadhi ya kanuni za zamani zilikuwa na zebaki, ambayo ni sumu.

Lakini hasara kubwa haikutokana na chumvi wala tindikali. Ilitokana na msasa. Baada ya 1945, bunduki za kijeshi zilizobaki, zikiwamo Springfield za 1903 na Mauser za nchi mbalimbali, ziliuzwa kwa bei nafuu kwa raia wa Marekani, na nyingi zilisafirishwa kwa posta hadi sheria ya 1968 ilipozuia. Maelfu ya wenyewe walizikata, wakazisugua, wakazitia rangi mpya ili ziwe za kuwindia. Zikang'aa, ila mihuri ya karakana, ya wakaguzi na ya mataifa ikafifia au ikatoweka. Leo mkusanyaji huitambua kazi hiyo mara moja: kingo zimekuwa butu, matundu ya skrubu yamebonyea, herufi hazisomeki. Bunduki iliyochakaa kwa haki aghalabu huthaminiwa kuliko iliyorembwa, na wahifadhi wa makumbusho huridhika kuisafisha na kuipaka nta.

Somo hili halina ugeni Afrika Mashariki. Katika karne ya 19 bunduki nyingi za Ulaya na Marekani zilipitia bandari ya Unguja kuelekea bara, na gobori lililosalia huenda lisiwe na karatasi wala msimulizi. Likiwa bado na muhuri wa ukaguzi wa Birmingham au wa Liège chini ya kutu yake, lina nasaba. Atakayelichukua na kulisugua hadi ling'are atapata chuma kizuri cha kutundika ukutani. Ila atakuwa amelinyang'anya ulimi, na rangi mpya, hata ikiwa nzuri namna gani, haitaurudisha.