Pikipiki za zamani za milimani Mbeya na Iringa: Jinsi ya kuzitambua na kuzikagua kabla ya kutoa hela

Kwenye magereji ya Mbeya na Iringa, nyuma ya Boxer na TVS zinazosubiri fundi, mara nyingine huonekana pikipiki ndefu yenye rimu kubwa ya mbele, madigadi yaliyoinuliwa na ekzosi iliyopita juu. Hizo ni pikipiki za njia mbaya za miaka ya 1970 hadi 1990, zilizokuwa usafiri wa mabwana shamba, wamisionari na watu wa miradi.

Bado zina watu wake. Nyingine zinapanda milima ya Rungwe na Kilolo bila kulalamika, na wapenzi wa vitu vya zamani wanazitafuta.

Lakini ni biashara yenye mitego. Anayekosea anaweza kuondoka na chuma chakavu, mali ya wizi, au deni la kodi la mtu asiyemjua.

'Trial' au 'trail'?

Maneno haya mawili hutofautiana kwa mpangilio wa herufi tu, na madalali huyachanganya kila siku.

Pikipiki ya trial ni ya mashindano ya kupita kwenye mawe, magogo na makorongo kwa mwendo wa taratibu bila kuweka mguu chini. Anayeweka mguu chini anahesabiwa pointi za makosa.

Zinazojulikana zaidi duniani ni Bultaco Sherpa T ya Hispania, iliyotengenezwa miaka ya 1960 kwa msaada wa bingwa Sammy Miller, Montesa Cota, Honda TL125 na familia ya Yamaha TY ya miaka ya 1970.

Dalili zake ni hizi: siti ndogo iliyo chini sana, tenki jembamba, vikanyagio vilivyorudi nyuma, uwazi mkubwa chini ya injini na gia za chini zenye nguvu. Kwa safari ya Mbeya hadi Makambako inachosha, kwa sababu haikuundwa kwa kukaa.

Trail ni pikipiki ya njia za vijijini na barabara. Ina siti ndefu, taa kamili, na inabeba abiria. Zinazouzwa Nyanda za Juu Kusini kwa jina la "trial" karibu zote ni trail. Anayepata TY au TL halisi amepata kitu adimu, lakini ajue spea zake atalazimika kuziagiza nje.

Zinazofaa kutafutwa

Yamaha DT125 na DT175: Injini ya kuchoma oili pamoja na petroli. Nyepesi na kali mlimani. Ina tenki dogo la oili pembeni, na pampu inayopeleka oili yenyewe kwenye injini.

Yamaha AG100: Ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba. Ina keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga mikono, na cheni iliyofunikwa yote. Haina mbwembwe, lakini inavumilia.

Suzuki TF125: Nayo ni ya kazi za shambani, na inachoma oili kama AG100.

Honda XL125: Haichanganyi oili na petroli. Inakula mafuta kidogo na mlio wake ni mzito kuliko wa DT.

Honda CT110: Klachi yake inajiendesha yenyewe. Nyingi zina gia ya ziada ya kushusha mwendo kwa ajili ya milima mikali.

Namba ndiyo kitambulisho

Kabla ya kupiga kiki, mnunuzi aanze na namba. Ya chesesi hugongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani. Ya injini iko kwenye kasha la injini. Zote mbili zipigwe picha kwa simu na zilinganishwe na kadi, herufi kwa herufi.

Pikipiki hizi nyingi hazina namba ndefu ya tarakimu 17 kama za sasa. Hilo peke yake si kosa.

Kwenye Yamaha nyingi za miaka ya 1970, namba ya injini na ya fremu zilifanana kabisa. Kwenye Honda, herufi za mwanzo hufanana, ila za injini huongezewa E. Mfano, fremu ya XL125S huanza na L125S, na injini yake L125SE.

Injini ikiwa haifanani na fremu, maana yake imebadilishwa. Wengine hufunga injini ya Kichina iliyonakiliwa kutoka Honda CG125. Inatembea vizuri, lakini si ya asili, na bei lazima ishuke. Kadi nayo inatakiwa ionyeshe injini iliyopo.

Alama za tupa, rangi mbichi juu ya namba, au tarakimu zilizopinda ni sababu ya kuondoka. Hapo hakuna mazungumzo ya bei.

Herufi za kibao zinaeleza historia

Kibao cha namba ni cha kusoma kwa makini. STK na STJ ni magari ya serikali kuu. SM ni serikali za mitaa. SU ni mashirika ya umma. DFP ni miradi ya wafadhili. Zinazoanza na TZ ni usajili wa zamani, kabla ya ule wa T.

Pikipiki ya serikali huuzwa kwa utaratibu wa mnada, hivyo muuzaji awe na nyaraka za mnada. Asiyekuwa nazo anauza maneno.

Za miradi na mashirika ya dini zinahitaji jicho la pili. Nyingi ziliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Zikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi hudaiwa. Kama haikulipwa, mwenye pikipiki mkononi ndiye anayesumbuliwa.

Na zile zinazotoka upande wa Zambia kupitia Tunduma ziwe na karatasi za forodha. Bila hizo, bei nafuu ni mtego.

Kukagua injini

Mnunuzi afike mapema na aguse injini. Ikiwa ya moto, muuzaji ameiwasha kabla. Asubiri ipoe, kwa sababu ubovu mwingi hujitokeza injini ikiwa baridi, hasa asubuhi za Uyole au Mafinga.

Kiki ikisukumwa polepole kwa mkono inatakiwa igome. Ikishuka bila upinzani, ringi au pistoni zimekwisha.

Kwa DT, AG na TF, moshi mwepesi wa bluu ni wa kawaida. Moshi mzito mweupe usioisha, huku oili ya gia ikipungua, mara nyingi unaonyesha sili ya krenki imekufa. Kwa Honda XL au CT, moshi wa bluu wa kudumu ni dalili ya injini kula oili.

Swali la lazima kwa mwenye DT: pampu ya oili ipo au imetolewa? Wengi huing'oa na kuchanganya oili kwenye tenki. Mnunuzi asiyejua hilo akijaza petroli tupu, pistoni inaweza kukwama kabla hajafika mbali.

Bloku nayo ina ukomo. Kila inapokerezwa, huwekwa pistoni kubwa zaidi, kwa hatua za milimita 0.25 au 0.50. Ukubwa huo kwa kawaida huandikwa juu ya pistoni. Ikifika milimita 1.00, mara nyingi kinachobaki ni kuweka silivu mpya.

Milima inabadilisha kabureta

Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa zaidi ya mita 1,500. Hewa ni nyepesi, na injini hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pikipiki iliyotoka Dar es Salaam bila kurekebishwa itaonekana nzito, na plagi yake itakuwa nyeusi.

Hatari kubwa iko upande wa pili. Iliyowekewa jeti ndogo kwa ajili ya Mbeya, ikishushwa Kyela, karibu mita 500, inapata petroli kidogo kuliko inavyohitaji. Plagi inakuwa nyeupe, injini inachemka, na pistoni inaweza kushika. Rangi ya kahawia kwenye plagi ndiyo nzuri.

Fremu, tenki na matairi

Kutu ni adui mkubwa, hasa kwa pikipiki iliyoishi Tukuyu kwenye mvua nyingi. Tochi ya simu imulikwe ndani ya tenki. Kutu ikiwa nyingi, kabureta itaziba kila wiki.

Nyufa hutafutwa kwenye shingo ya fremu na pale mkono wa nyuma unaposhikiliwa. Tairi la nyuma lisukumwe kushoto na kulia: likicheza, bushi zimekwisha. Spoku zigongwe kwa spana, kwani iliyolegea hutoa mlio mfu.

Spea kwanza, bei baadaye

Kabla ya kutaja bei, mnunuzi aulize kama pistoni, ringi, sili na nyaya zinapatikana. Bushi zinaweza kukerezwa kwa mafundi wa mashine, lakini krenki au gia ni jambo jingine.

Kila kinachokosekana kiandikwe na gharama yake, kisha kitolewe kwenye bei anayotaja muuzaji. Vitu vidogo vya asili kama kioo cha taa, spidometa na vifuniko vya pembeni ndivyo vinavyosumbua kuvipata kuliko vyote.

Kulipa na kuhamisha umiliki

Kadi ya asili ionekane, na jina lililopo lifanane na kitambulisho cha muuzaji. "Mwenye kadi alishafariki" ni kauli ya kawaida. Hapo anatakiwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, si mtoto wa marehemu peke yake.

Mkataba uandikwe mbele ya wakili, ukiwa na namba za chesesi na injini. Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA, ambako usajili na madeni ya chombo vinaweza kuulizwa kabla hela haijatoka. Penye shaka ya wizi, polisi waulizwe.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pikipiki bila kadi huenda njia hiyohiyo.

Kwa ufupi

- Namba za fremu, injini na kadi zifanane.
- DFP, STK, SM au SU: nyaraka za mnada au za kodi ziwepo.
- Injini iwashwe ikiwa baridi.
- Pampu ya oili iulizwe.
- Spea zitafutwe kabla ya bei.
- Malipo ya mwisho yafanyike baada ya TRA kujibu.