Tarehe ya Viwanja vya Kent

Kaunti ya Kent iko pembe ya kusini-mashariki ya Uingereza, upande unaotazamana na Ufaransa. Mechi ya kriketi ya kale zaidi inayojulikana kuchezwa kwa majina ya kaunti ilikuwa kati ya Kent na Surrey, mwaka 1709, pale Dartford. Tangu siku hizo timu ya Kent imekuwa na nyumba nyingi, na habari za nyumba hizo zinaeleza mengi zaidi kuhusu klabu kuliko orodha ya vikombe vyake.

Tuanze Sevenoaks, katika uwanja uitwao Vine. Kriketi ilichezwa hapo tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18, na mwaka 1773 Duke wa Dorset aliyemiliki ardhi hiyo akaukabidhi uwanja kwa mji. Hadi leo klabu ya mji hulipa kodi ya punje mbili za pilipili manga kwa mwaka, moja ya uwanja na moja ya banda la wachezaji. Halmashauri ya mji nayo, ikidaiwa, inapaswa kumpa bwana wa ukoo wa Duke huyo mpira mmoja wa kriketi. Ni mkataba mdogo wenye faida kubwa: uwanja haukuuzwa wala haukukatwa viwanja vya nyumba, na mpaka leo watu wanacheza.

Mwaka 1835 wafadhili wa kriketi wa Town Malling, mji mwingine wa Kent, walimleta Fuller Pilch kutoka Norfolk kwa malipo ya pauni 100 kwa mwaka. Pilch alikuwa mpigaji hodari kuliko wote wa zama zake, na popote alipokwenda timu ya Kent ilimfuata. Mwaka huohuo ndugu wawili, John na William Baker, waliunda klabu ya Beverley mjini Canterbury. Mwaka 1842 klabu hiyo ikazaa klabu ya kaunti na Wiki ya Kriketi ya Canterbury, yaani mechi mchana na michezo ya kuigiza usiku. Miaka mitano baadaye, 1847, uwanja wa St Lawrence ukafunguliwa nje kidogo ya mji, na Pilch mwenyewe akawa mtunzaji wake. Klabu nyingine ya kaunti ilianzishwa Maidstone mwaka 1859, na mwaka 1870 hizo mbili zikaungana kuwa klabu ya Kent tunayoijua.

Hata baada ya muungano, Canterbury haikuwa nyumba pekee. Timu ilizunguka, na kila mji ulikuwa na wiki yake: maduka yakipambwa, mahema yakipigwa pembeni mwa uwanja, wanafunzi wakiingia kumtazama kwa macho yao mtu waliyekuwa wakimsoma gazetini. Gravesend ilikuwa na uwanja wa Bat and Ball, ambako mwaka 1895 W. G. Grace, akiwa na umri wa miaka 46, aliichezea Gloucestershire dhidi ya Kent na kupata mikimbio 257 katika zamu ya kwanza. Dover ilikuwa na Crabble, uwanja uliochongwa katika ubavu wa kilima. Huko mwaka 1937 Kent waliwafunga Gloucestershire kwa kupata mikimbio 219 ndani ya dakika 71 tu. Kulikuwa pia na Folkestone, Blackheath, Catford na Maidstone.

Tonbridge ndiyo iliyolea vipaji. Mwaka 1897 klabu ilianzisha kituo cha mafunzo katika uwanja wa Angel, chini ya Kapteni William McCanlis. Frank Woolley, mtoto wa mji huohuo, alipita katika mikono yake, na kabla ya kustaafu mwaka 1938 alikuwa amepata zaidi ya mikimbio 58,000. Kent walitwaa ubingwa wa kaunti kwa mara ya kwanza mwaka 1906, kisha 1909, 1910 na 1913. Vikombe vile vinne vilitoka katika nyasi za Angel. Mechi ya mwisho ya kaunti ilichezwa hapo mwaka 1939, na baadaye uwanja ukafunikwa na majengo.

Uwanja wa Nevill, Tunbridge Wells, ulifunguliwa mwaka 1898, na Kent wakaanza kuutumia mwaka 1901. Umezungukwa na vichaka vya maua vinavyochanua mwezi wa Juni. Tarehe 11 Aprili 1913 banda la wachezaji lilichomwa moto. Karibu na majivu ziliachwa karatasi za wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura, pamoja na picha ya kiongozi wao, Emmeline Pankhurst. Banda lilijengwa upya. Miaka 70 baadaye, tarehe 18 Juni 1983, India walicheza na Zimbabwe hapo katika Kombe la Dunia. India walikuwa na mikimbio 17 tu huku wapigaji watano wameshatolewa, ndipo nahodha wao Kapil Dev alipoushika mchezo. Alipata 175 bila kutolewa, India wakafika 266, na Zimbabwe wakashindwa kwa mikimbio 31. Wiki moja baadaye India walikuwa mabingwa wa dunia. Hakuna kamera ya televisheni iliyorekodi mechi ile. Ushahidi wake umebaki kwa waliokuwepo na katika daftari la mikimbio.

Turudi Canterbury. Ndani ya kamba ya mpaka ya St Lawrence ulisimama mti mkubwa wa aina ya lindeni, uliokuwepo kabla ya uwanja. Hakuna aliyeukata. Badala yake kanuni ikatungwa: mpira ukigonga mti, mpigaji anapewa mikimbio minne. Waliofaulu kuupiga mpira ukapita juu ya mti ni wachache mno, akiwemo Learie Constantine wa West Indies mwaka 1928. Tarehe 18 Mei 1999 Kenya ilicheza na Uingereza chini ya mti huo katika Kombe la Dunia. Steve Tikolo alipata mikimbio 71 kati ya 203 za Kenya. Uingereza walishinda, lakini jina la Kenya limeandikwa katika kumbukumbu za uwanja ule. Januari 2005 upepo uliuangusha mti, na mche uliokuwa umeshaandaliwa ukapandwa mahali pake.

Tangu miaka ya 1970 duara la viwanja vya Kent lilizidi kubana. Gravesend ilifungiwa mlango mwaka 1971, Dover 1976, Folkestone 1991, Maidstone 2005. Gharama za kuhamisha timu zilipanda na matakwa ya ubora wa uwanja yakawa makali. Beckenham, upande wa London, ilirejea mwaka 2003 kuwa nyumba ya pili.

Kwa nini Canterbury ilibaki? Jibu liko katika mwaka 1896, klabu ilipoununua uwanja kutoka kwa Lord Sondes kwa pauni 4,500. Kwingineko Kent walikuwa wageni wa halmashauri, mabenki na klabu za mitaa, na mgeni haamui hatima ya nyumba. Kwa wasomaji wetu wanaoongoza klabu za michezo Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam au Kampala, ombi langu ni hili: kabla hamjanunua jezi mpya, ulizeni hatimiliki ya uwanja wenu iko kwa nani, na kama haiko kwenu, anzeni leo kuitafuta.