Digrii ya Miaka Minne? Tangu Lini?

Wasee, hakuna swali linalochoma kama "kwani wewe unamaliza lini?" Likitoka kwa shangazi kwenye harusi, unacheka tu. Likitoka kwa mzazi anayekulipia karo, unanyamaza. Mimi niliingia chuo 2021, kozi ya miaka minne. Hii ni 2026 na bado niko. Wenzangu waliochukua diploma wana kazi, wana hata mikopo ya sacco.

Na mtu akisikia umezidisha mwaka, anajua amekuelewa: umefeli, au ulikuwa unacheza Nairobi. Ndiyo maana nimekuwa nikisoma historia ya vyuo vyetu, na naona nchi hii haijawahi kuheshimu kalenda ya mwanafunzi.

Anza na miaka ya themanini. Wakati huo digrii nyingi zilikuwa za miaka mitatu, kwa sababu ulikuwa umeshapitia A-level. Kwa hivyo aliyeingia Chuo Kikuu cha Nairobi 1980 alijihesabia kumaliza 1983. Halafu Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga wakajaribu kumpindua Rais Moi. Kuna wanafunzi waliotoka barabarani kushangilia. Jaribio likazimwa siku hiyo hiyo, chuo kikafungwa, na hakikufunguliwa hadi Oktoba 1983. Zaidi ya mwaka mzima, manze! Uko ushago, hujui kama utarudi darasani, simu hakuna, na majirani wanakuangalia kama mhaini. Sisi tukikosa bando siku mbili tunalia.

Wengine walishtakiwa. Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, chama cha wanafunzi, alifungwa miaka 10 kwa uchochezi. Alifia gerezani 1988. Huyo hakuwahi kumaliza.

Kufunga chuo kukawa mazoea. Februari 1985 polisi walivamia mkutano wa wanafunzi wa Nairobi, chuo kikafungwa. Novemba 1987 viongozi wa SONU wakakamatwa, chama kikapigwa marufuku, lango likafungwa tena. Katikati ya hayo, kuanzia 1984, waliochaguliwa kujiunga na chuo walipelekwa kwanza NYS, eti wafunzwe nidhamu. Halafu 1990 kundi la kwanza la 8-4-4 likafika, na digrii yenyewe ikawa ya miaka minne.

Tofauti ni kwamba zamani kilichokuchelewesha kilikuwa siasa, na siku hizi ni pesa. Mgomo wa wahadhiri wa 2025 ulidumu siku 49. Walichokuwa wanadai ni shilingi bilioni 7.9 za mkataba wa 2017 hadi 2021. Ebu fikiria: mkataba huo ulipoanza mimi nilikuwa kidato cha kwanza, sijui hata nitasomea nini, na tayari deni litakalonikwamisha lilikuwa linapikwa. Wahadhiri siwalaumu. Mtu akifanya kazi alipwe.

Na kwa maoni yangu, huku kucheleweshwa kwa sasa kunaumiza kwa njia yake, kwa sababu hakuna anayekutangazia. Mwaka 1982 taifa zima lilijua chuo kimefungwa. Leo lango liko wazi, masomo yanaendelea, ila maksi zako za mwaka wa pili hazionekani kwenye mfumo. Unatumwa idara, idara inakutuma kwa mhadhiri, mhadhiri alishahamia chuo kingine. Jina lako halipo kwenye orodha ya mahafali, na nyumbani hiyo haina jina lingine ila uzembe. Ukimwambia mzazi "maksi zimepotea," anakuangalia kama aliyesikia mbwa amekula daftari.

Juzi nilimuuliza mjomba, kaka mkubwa wa mama, ambaye alikuwa mwaka wa pili Nairobi 1982, yeye alimaliza lini. Akahesabu kwa vidole, akapotea, akaanza upya. Akaniambia shosho aliamini kwa miezi mingi kwamba amefukuzwa peke yake na anaficha, mpaka kijana wa kijiji jirani aliyekuwa chuoni naye akaja kumtetea. Nikamwomba anionyeshe CV yake ya zamani. Ameandika mwaka aliofuzu tu. Mwaka wa kuingia hakuuweka.