Kiriza, Bemba, Makobola: samaki wa mawe wanaotafutwa mpaka Ulaya

Kwenye soko la Baraka, samaki anaulizwa kwanza kama anashibisha. Ndakala ni chakula cha kila siku, mikebuka inafuata, na kuhe ananunuliwa siku ya mgeni. Lakini wale samaki wadogo wenye mistari, wanaokaa katikati ya mawe ya pwani na hawapiti urefu wa kiganja, hawaiti mnunuzi. Wana miba mingi na nyama kidogo.

Ajabu ni kwamba hao ndio wanaojulikana mbali. Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wanaofuga samaki nyumbani ndani ya sanduku la vioo lenye maji na taa, lile linaloitwa akwariamu. Hawawali, wanawaangalia tu. Kuna anayetafuta yule samaki wa Asia na Australia anayetema maji kama mshale ili kumwangusha mdudu toka kwenye tawi. Kuna mwingine anayetaka samaki wa Ziwa Tanganyika, na tena hataki wa popote, anataka wa kijiji fulani. Kwenye orodha za wauzaji wa Ujerumani mtu anasoma Kiriza, Ubwari, Bemba, Moba. Samaki wa buluu wa Moba bado wanaitwa "Zaire", hata kama nchi iliacha jina hilo tangu 1997.

Jiwe moja, rangi moja

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zaidi ya 650 na kina cha karibu meta 1,470. Ndani yake kuna aina karibu 240 za samaki wa ukoo ambao wataalamu wanauita siklidi (kuhe naye ni wa ukoo huo), na karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani.

Wanaotafutwa sana ni wale wanaoitwa Trofeusi. Kazi yao ni kukwangua ukoga wa kijani juu ya mawe, kutwa nzima. Trofeusi anaogopa mchanga. Pwani ya mawe ikikatwa na ufuko wa mchanga au mdomo wa mto, yeye havuki. Anabaki kwake, na watoto wake, na wajukuu, kwa maelfu ya miaka. Ndiyo maana rangi zimeachana: wa Kiriza, kwenye rasi ya Ubwari ngambo ya Baraka, ni mweusi mwenye mkanda mpana wa njano. Wa Bemba, kusini mwa Uvira, ni mweusi pia lakini mkanda wake unaelekea chungwa na nyekundu. Ukimwondoa wa Kiriza kwenye mawe yake, hakuna Kiriza nyingine ya kwenda kumtafuta.

Tena hazai kwa wingi. Jike anataga mayai machache, kumi na kitu au hata chini ya hapo, anayaweka mdomoni na kuyabeba karibu mwezi mzima mpaka watoto waweze kuogelea. Ndakala hutaga kwa maelfu. Kwa hiyo mtu asipige hesabu ya Trofeusi kama anavyopiga ya ndakala: pwani iliyovuliwa sana inachukua miaka kurudi.

Majina yaliyoandikwa Uvira

Watu wa kwanza kuwaandika samaki wengi wa upande huu walikuwa Wabelgiji. Max Poll alikuwa katika safari kubwa ya utafiti wa ziwa ya 1946 na 1947. Mwaka 1956 alimwandika samaki mwembamba wa madoa ya kahawia kutoka Makobola, jina ambalo wakaaji wa Fizi na Uvira wanalikumbuka kwa mambo mengine mazito, akamwita *Julidochromis marlieri* kwa heshima ya Georges Marlier. Huyo Marlier alikuwa anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti cha Uvira, ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Naye mwaka 1959 akamwandika *Tropheus duboisi* wa Bemba: mtoto wake ni mweusi mwenye vidoa vyeupe kama nyota, na akikua vidoa vinapotea, unabaki mkanda mmoja.

Biashara yenyewe ilikaa Bujumbura. Kuanzia 1971 Mbelgiji Pierre Brichard alijenga huko nyumba ya kukusanya samaki hai na kuwatuma kwa ndege. Ndiyo maana samaki mmoja mzuri mwenye mapezi marefu anaitwa na wafugaji "binti mfalme wa Burundi", wakati pwani ya Kongo pia anakaa.

Namna ya kuwakamata ni kazi ya kuzamia. Wavu mwembamba unazungushwa kwenye mawe, mzamiaji anawafukuza samaki waelekee huko, anawatoa mmoja mmoja kwa mkono. Yule mkubwa mwenye nundu kichwani, frontosa, anakaa chini zaidi, meta 20 na kuendelea. Huyo akipandishwa haraka, mfuko wa hewa tumboni unavimba na anakufa, kwa hiyo lazima apandishwe polepole, pengine siku kadhaa. Kabla ya safari samaki wananyimwa chakula ili wasichafue maji, kisha wanafungwa kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa oksijeni.

Akifika, Trofeusi wa porini anauzwa makumi ya dola, na frontosa mkubwa wa Moba anaweza kupita mia. Yule aliyezamia hapati hata karibu na hapo. Na siku hizi wengi wanazalishwa kulekule kwenye masanduku, kwa hiyo mtu wa mbali anaweza kuuza "Kiriza" miaka na miaka bila franga moja kurudi Ubwari. Kwa samaki wenyewe hilo ni nafuu, maana nyavu zinapungua.

Udongo wa juu

Wavu siyo hatari pekee, na labda siyo ile kubwa. Mwaka 1993 Mmarekani Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti wa pwani za kaskazini ya ziwa: mahali milima imekatwa miti na udongo unateremka, aina za samaki ni chache kuliko mahali milima bado imefunikwa. Sababu inaeleweka hata bila darubini. Tope linafunika mawe, ukoga unakosa jua, na samaki anayekwangua anakwangua mchanga. Matundu ya kujificha na kuzalia yanajaa.

Hapo habari inapanda mpaka Bibokoboko na milima yote iliyo juu ya Baraka. Mvua ikipiga shamba la mteremko lisilo na matuta wala miti, udongo wa mkulima unaishia ziwani. Mkulima anapoteza rutuba, na samaki wa chini anapoteza jiwe. Kule ambako vita vimewahamisha watu na wengine wamejazana karibu na mji, kuni na makaa navyo vinakatwa karibu na mji.

Kwa kijana wa pwani ambaye mnunuzi anamwomba samaki "wa rangi", kuna mambo mawili ya kujua. Aulize bei na karatasi za ruhusa kabla ya kuzamia, maana samaki aliyekufa njiani halipwi. Na waliobaki bila kuuzwa warudishwe kwenye mawe yaleyale walikotoka: wa Bemba akiachiliwa Kiriza atazaa na wa Kiriza, na watoto watakuwa na rangi ambayo siyo ya huku wala ya kule.