Chura wa Afrika na Siri ya Yai

Leo tutajifunza historia ya swali moja: yai la chura hujuaje upande wa kujenga mgongo na upande wa tumbo?

Habari yaanzia Afrika Kusini. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Cape Town waliona kwamba chura jike mwenye kucha, akidungwa mkojo wa mama mjamzito, hutaga mayai kabla ya siku kwisha. Basi akapelekwa Ulaya na Marekani kupimia mimba. Vipimo vingine vilipopatikana, chura alibaki maabara, kwa sababu mayai yake ni makubwa na hukua majini, mtu akiyatazama.

Sasa twende Seattle, Marekani. Mwaka 1955 Edmond Fischer na Edwin Krebs walikuwa wakichunguza msuli wa sungura. Protini ni vitu vifanyavyo kazi za mwili. Waligundua kwamba protini moja huamka ikibandikwa fosfeti, na hulala fosfeti ikibanduliwa. Fosfeti si kitu kigeni: huchimbwa Minjingu kwa ajili ya mbolea, nayo imo katika mifupa yetu. Mwaka 1992 walipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1996 wataalamu wa chuo kikuu kile kile, wakiwamo David Kimelman na Randall Moon, walieleza habari za chura wetu. Protini iitwayo beta-katenini ndiyo iagizayo mgongo na kichwa. Fikirini mkulima wa zabibu afungaye uzi kwenye matawi ya kukatwa. Tawi lenye uzi hukatwa. Lisilo na uzi huachwa lizae. Vivyo hivyo, upande wa tumbo protini hiyo hubandikwa fosfeti, kisha huvunjwa. Upande wa mgongo huachwa, ikaongezeka, na mgongo ukajengwa.

Je, yatuhusu sisi? Naam. Protini hiyo imo katika miili yetu pia. Ikiharibika hata fosfeti isiweze kubandikwa, haivunjwi. Chembe za mwili huweza kuongezeka ovyo. Baadhi ya saratani za utumbo na ini huanza hivyo. Ndiyo maana chura tunayempita dimbwini amewafundisha waganga.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini chura alipelekwa Ulaya?
2. Uzi wa mkulima wafananishwa na nini?